The Wheel of Time imefutwa pale ilipoanza kunoga: wasomaji wa vitabu, tulikasirikia mambo sahihi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, nimeona nifungue uzi maalumu kwa ajili ya hii tamthilia, maana kila ninapopita naona kambi mbili tu zikirushiana maneno. Kambi ya kwanza inasema watengenezaji walivuruga vitabu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kufutwa ni haki yao. Kambi ya pili inasema sisi tuliosoma ndio tulioiua kwa kelele zetu. Vitabu vyote 14 nimevisoma, misimu yote 3 nimeitazama, na hakuna kambi hata moja kati ya hizo ninayoweza kukaa nikaridhika.

Kwa asiyejua chanzo, kwa kifupi. Mwandishi ni Robert Jordan, jina la kalamu la James Oliver Rigney Jr., Mmarekani aliyepigana vita vya Vietnam. Kitabu cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka 1990. Jordan alifariki 2007 hadithi ikiwa haijaisha, na mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake pia, akamkabidhi Brandon Sanderson kazi ya kumalizia kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Vitatu vya mwisho vikatoka 2009, 2010 na 2013. Prime Video walianza kuirusha tamthilia Novemba 2021, msimu wa pili ukaja Septemba 2023, wa tatu Machi 2025. Wa tatu uliisha tarehe 17 Aprili, na kabla Mei haijaisha tukaambiwa hakuna wa nne.

Sasa hoja yangu. Kubadilisha kitabu si dhambi. Maneno zaidi ya milioni 4 hayawezi kuingia kwenye misimu ya vipindi vinane vinane bila mtu kushika mkasi. Mhusika ukimwondoa, safari ukiifupisha, vita viwili ukivifanya kimoja, hadithi inapona. Kisichopona ni kanuni za ulimwengu wenyewe: nani ana uwezo gani, anaulipia nini, na watu wanaogopa nini. Hapo ndipo msimu wa kwanza ulipokosea, na kelele zetu nyingi zilikuwa mahali pengine kabisa.

Vitabuni ile Nguvu ya kichawi ina pande mbili. Saidar ni ya wanawake, saidin ni ya wanaume, na saidin imetiwa uchafu na Yule wa Giza. Mwanamume yeyote anayeigusa mwisho wake ni wazimu na mwili kuoza angali hai. Joka Aliyezaliwa Upya ni lazima awe mwanamume. Maana yake ni kwamba mtu pekee wa kuiokoa dunia ndiye huyo huyo ambaye wazimu unamsubiri, tena akiwa na nguvu kuliko wote. Watu wanamwomba aje na wanaomba asije. Ukiitoa hofu hiyo, unabaki na kijana mwenye upanga kama vijana wengine wote wa hadithi za namna hii.

Tamthilia ikatuambia kwamba Joka anaweza kuwa yeyote kati ya vijana wa Two Rivers, eneo la vijijini wanakotoka Rand, Perrin, Mat, Egwene na Nynaeve, na wasichana wamo. Nia yao naiona: asiyesoma apate fumbo la kubashiri, na Egwene na Nynaeve wasikae pembeni wakisubiri zamu yao. Ni nia njema kabisa. Lakini kama Joka angeweza kuwa Egwene, basi kulikuwa na mlango wa kuokoka bila wazimu, na Moiraine, Aes Sedai (mwanamke aliyefunzwa kuitumia Nguvu) anayemtafuta Joka, hana sababu ya kutetemeka. Hofu imekatwa miguu kabla hata hatujamjua Rand, ambaye ndiye Joka mwenyewe.

Halafu kile kipindi cha 8. Wanawake wachache wanaunganisha Nguvu zao chini ya mwenzao Amalisa kulizuia jeshi la Trolloc, majitu nusu wanyama ya Yule wa Giza. Amalisa anavuta nguvu kupita kiasi, wenzake wanaungua mmoja baada ya mwingine, na Nynaeve anaubeba mzigo wa Egwene ili Egwene apone. Tunaonyeshwa Nynaeve ameungua, hatikisiki. Egwene analia juu yake, na mara Nynaeve anafumbua macho. Baadaye yakatolewa maelezo kwamba hakuwa amekufa, lakini mimi nilikuwa natazama skrini, na skrini ilinionyesha maiti. Kitabu cha nne kina tukio ambalo Rand anajaribu kumrudisha mtoto wa kike aliyeuawa: mwili unajongea kwa nguvu zake, unarushwarushwa, lakini mtoto hayumo, na ni Moiraine anayemlazimisha aache. Kurasa zile ni nzito kwa sababu moja tu, kifo hakina dawa. Ukishamfufua mtu kwa machozi katika msimu wa kwanza, kifo kipi tena kitaniumiza?

Karibuni. Wasiosoma wamo humu, kwa hiyo tafadhali tusimwage yaliyo mbele ya msimu wa tatu.

#2 MsomajiMkongwe

Mkuu, umeandika vizuri lakini umewaonea huruma. Umeruka la mke wa Perrin.

Perrin wa vitabuni hana mke mwanzoni. Ni kijana mkubwa wa mwili, mwanafunzi wa mhunzi, anayetembea polepole kwa sababu anaogopa kuumiza watu. Tamthilia ikampa mke, Laila, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha Perrin mwenyewe anamuua kwa shoka, kwa bahati mbaya, katikati ya vita. Mwanamke ameletwa duniani ili afe na mume wake apate huzuni ya kubeba. Sanderson alikuwa mtayarishaji mshauri wa tamthilia, na alisema wazi kwamba jambo hilo alilipinga. Pendekezo lake lilikuwa Perrin amuumize mhunzi anayemfundisha kazi, Master Luhhan. Walikuwa na mtu aliyekiandika kitabu cha mwisho cha hadithi hiyo, wakamsikiliza, halafu wakaendelea na yao.

Na baba yake Mat? Abell Cauthon kitabuni ni mtu wa heshima zake, mfanyabiashara wa farasi, mmoja wa wanaume wanaosimama kidete kijiji kinapoingia matatani. Kwenye skrini kawa mtu wa hovyo anayefukuzia wanawake, na mama yake Mat kawa mlevi. Kwa faida ipi?

#3 Mtazamaji_tu

Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao wasiosoma, naomba nisifukuzwe.

Nilipoanza sikujua kama kuna vitabu. Na niseme ukweli wa moyo wangu: yule mke wa Perrin ndiye aliyenifanya niendelee kutazama. Kijana anaokoa kijiji, anageuka kwa hofu, anapiga, na aliyepigwa ni mkewe. Halafu anaondoka hajamwambia mtu. Kuanzia hapo kila akishika shoka moyo wangu ulikuwa unadunda. Huenda kitabuni kuna njia nzuri zaidi, siwezi kubisha. Ninachojua ni kwamba kwangu mimi ilifanya kazi.

La Nynaeve kufufuka, hapo sina utetezi. Hata mimi nisiyejua kanuni nilihisi nimedanganywa.

#4 Mleta uzi

Dada/kaka hapo juu, hakuna wa kukufukuza. Na jibu lako limenisaidia kumjibu Mkongwe.

Kitabuni ugomvi wa Perrin na damu unaanza polepole. Yuko safarini, kundi la Children of the Light, askari wanaowachukia Aes Sedai, linamkuta, mbwa mwitu aliyekuwa rafiki yake anauawa mbele yake, na Perrin anaua watu kwa hasira. Baadaye maswali yanamla: nilifanya kwa haki au nilifurahia? Jordan ana kurasa nyingi za kukaa ndani ya kichwa cha Perrin. Kamera haiingii kichwani. Perrin akikaa kimya kwenye skrini, unaona mtu aliyekaa kimya tu. Kwa hiyo walihitaji kitu kinachoonekana kwa macho, na hilo nawapa.

Ninachokataa ni mtu waliyemchagua. Pendekezo la Luhhan lilikuwa bora kwa sababu lingemwacha aliyeumizwa akiwa na maisha yake, mke wake, nafasi yake kijijini, na Perrin angekuwa na mtu wa kurudi kumtazama usoni. Laila hakupewa hata nafasi ya kuwa mtu. Lakini je, tukio lile lilivunja kanuni yoyote ya ulimwengu wa Jordan? Halikuvunja. Ni uchaguzi dhaifu, basi. Kwenye orodha yangu ya makosa liko chini ya Joka asiyejulikana jinsia na chini ya ufufuo wa Nynaeve.

Kuhusu wazazi wa Mat nakubaliana nawe moja kwa moja. Walitaka tujue kwa nini Mat ni mjanja mjanja na kwa nini anawapenda sana dada zake. Wangeweza kupata yote hayo bila kumvunjia heshima Abell.

Na tukumbuke mazingira. Walianza kupiga picha mjini Prague 2019, janga la Covid likawasimamisha Machi 2020. Waliporudi kumalizia vipindi viwili vya mwisho, Barney Harris aliyekuwa anamwigiza Mat hakurudi tena. Mwisho wa msimu ukalazimika kuandikwa upya bila mmoja wa wahusika wakuu. Ukitazama tena ukijua hilo utaona mashimo yaliko: kundi linaingia Njia za giza, barabara za kichawi za kufupisha safari, Mat anabaki nje, na hakuna maelezo yanayotosha. Dónal Finn akashika nafasi msimu wa pili, na kwa maoni yangu ndiye Mat hasa.

#5 Nyuzi_Saba

Nakazia la Dónal Finn. Yule kijana ana macho ya mtu anayepanga kutoroka hata akiwa amekaa anakula.

#6 Kurasa_na_Chai

Naomba nilete mfano wa badiliko kubwa lililofaulu, ili tusionekane walalamishi tu: Egwene mikononi mwa Seanchan, wavamizi wanaowatumikisha wanawake wenye Nguvu, msimu wa pili.

Kwa mliosahau. Anafungwa kola shingoni, na upande wa pili wa kola anashika mwanamke anayeitwa Renna. Kuna jagi la maji. Renna anamwambia amimine. Kola haimruhusu aguse kitu chochote anachokifikiria kuwa silaha, na Egwene kila akilitazama lile jagi anafikiria kumpasua nalo Renna kichwa. Kwa hiyo mkono hauendi. Anajaribu, maumivu yanampiga, anaanguka. Anajaribu tena. Renna hana haraka wala hapigi kelele, anazungumza kwa upole kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake, na huo upole ndio unaotisha. Hakuna jini, hakuna moto, hakuna jeshi. Ni mwanamke na jagi. Madeleine Madden, anayemwigiza Egwene, aliubeba msimu mzima ndani ya chumba kile.

Kitabuni wenzake ndio wanaokuja kumtoa. Nynaeve na rafiki yao Elayne wanamkamata mmoja wa wale wafunzaji wanaoshika kola kama Renna, wanamvisha kola, siri ya Seanchan inafichuka kwamba wafunzaji nao wana uwezo ule ule, ndipo wanampata Egwene. Egwene anataka kumuua Renna na Nynaeve anamzuia. Kwenye tamthilia hakuna anayefika kwa wakati. Egwene anamvisha Renna kola kwa mkono wake na kumuua. Nilisoma kitabu kwanza, na bado nasema toleo la skrini lilinigusa zaidi.

#7 MsomajiMkongwe

Hapo ndipo ninaposema mnachagua. Mleta uzi anasema kanuni zisiguswe. Kitabuni kola ile haivuliki na aliyevishwa, na huwezi kumdhuru aliyeshika upande wa pili bila maumivu kukurudia mara mbili. Egwene kujiokoa mwenyewe kunailegeza kanuni ile ile. Kama Nynaeve ni kosa, kwa nini hili si kosa?

#8 Mleta uzi

Swali zuri sana Mkongwe, na nimelifikiria kabla ya kujibu.

Tofauti naiona kwenye malipo. Egwene hakupewa kitu bure. Tamthilia ilitumia muda kutufundisha jinsi kola inavyofanya kazi, ikatuonyesha kwamba wafunzaji wenyewe wana uwezo wanaoukana, halafu mwisho ikatumia yale yale iliyotufundisha. Maumivu ya Renna yanamrudia Egwene, tunayaona usoni mwake, na anaendelea kushika. Yaani kanuni ipo, na yeye anakubali kuilipia. Kwa Nynaeve hakukuwa na somo lolote kabla. Machozi yalishuka, uhai ukarudi, hakuna aliyelipa.

Lakini kuna kitu kilipotea na lazima nikiseme. Kitabuni ile siri inawafikia Nynaeve na Elayne kwanza, wanaielewa na kutishika, na unaanza kuona dola nzima ya Seanchan imejengwa juu ya uongo mmoja. Kwenye tamthilia inabaki kuwa kisasi cha mtu mmoja. Kisasi kinasisimua kuliko siri, ila siri ina mizizi mirefu zaidi.

#9 Kurasa_na_Chai

Nakubali. Sikuwa nimeitazama kwa upande huo.

#10 Mlango_wa_Nne

Samahani niingilie na jambo jingine. Wakati wa msimu wa kwanza nusu ya mabishano yalikuwa kuhusu rangi za ngozi za waigizaji. Nimechoka nalo lakini naona lisiachwe, maana lilizima mijadala yote ya maana. Ulikuwa ukisema neno moja kuhusu saidin unaonekana uko na wale wabaguzi.

Jordan aliwaandika watu wa Two Rivers kuwa na nywele nyeusi na macho meusi. Kinachohitajika kwenye hadithi ni kitu kimoja tu: Rand asifanane na wenzake. Awe mrefu, nywele nyekundu, macho mepesi, kiasi kwamba mtu akimwona aulize huyu katoka wapi. Josha Stradowski akisimama kijijini pale unauliza hivyo hivyo. Hitaji limetimizwa. Waliobaki wawe na rangi yoyote, hadithi haiguswi.

#11 Mleta uzi

Mlango, umemaliza. Na umetaja jambo linaloniuma hadi leo. Watu waliokuwa na malalamiko ya kweli kuhusu hadithi walijikuta wamewekwa kapu moja na watu wenye chuki, wakanyamaza. Walionyamaza ndio waliokuwa na mengi ya kuwafundisha watazamaji wapya.

Sasa nije kwenye kipindi kilichonifanya niandike uzi huu: msimu wa tatu, kipindi cha nne, Rhuidean, mji mtakatifu wa Aiel, watu wa jangwani ambao Rand ni wa damu yao.

Kwa msomaji, sura zile mbili za The Shadow Rising ndipo unapoelewa kwamba Jordan hakuwa anatania. Rand anaingia kwenye msitu wa nguzo za kioo, na kila hatua inamtia ndani ya mwili wa babu yake, kisha babu wa babu, akirudi nyuma. Anaanza na Aiel anaowajua, mashujaa wa jangwani wasiogusa upanga, wanaofunika nyuso kabla ya kuua. Kadiri anavyorudi nyuma ndivyo silaha zinavyopungua. Anakutana na kijana Lewin, ambaye watu wake wameapa kutodhuru mtu yeyote hata kwa kujitetea. Dada yake ametekwa. Lewin na wenzake wanakwenda kumtoa usiku, ugomvi unatokea, na vijana wanaua. Wanarudi kambini wakidhani watapokelewa. Mama yake Lewin anamwambia aufiche uso ule, maana aliwahi kuwa na mwana mwenye uso kama huo na hataki kuuona juu ya muuaji. Hapo ndipo kile kitambaa cha usoni kilipoanzia. Umesoma vitabu vitatu ukidhani ni vazi la vita, kumbe ni aibu ya mtoto aliyekataliwa na mama.

Niliingia kwenye kipindi kile nikiwa na wasiwasi mkubwa kuliko wakati wowote. Hadithi inayokwenda kinyumenyume, watu wapya kila baada ya dakika chache, hakuna muda wa kuwazoea. Wakafanya uamuzi ambao kitabu hakiwezi kuufanya: Stradowski mwenyewe akawaigiza mababu. Sura ile ile, nywele nyingine, umri mwingine, mwendo mwingine wa mabega. Huhitaji mtu akwambie kwamba Rand anaziona dhambi za ukoo wake kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu uso ni wake kweli. Mpangilio wa kurudi nyuma wakauheshimu. Hawakuongeza vita ili kuchangamsha. Na Moiraine naye akapitishwa kwenye pete za kichawi za mji ule, akaona maisha chungu nzima ambayo angeweza kuishi, na Rosamund Pike akatoka pale akitembea kama mtu aliyezeeka.

Hiyo ndiyo tamthilia niliyokuwa naisubiri tangu 2021. Walibadilisha mambo hata ndani ya kipindi hicho hicho. Sikukasirika hata kidogo, kwa sababu sheria ya mahali pale ilibaki: ukiingia Rhuidean unaambiwa ukweli, na ukweli unaua wengi wanaousikia.

#12 Mtazamaji_tu

Nilikilia kipindi kile. Sikuwa najua kabisa Aiel walitoka wapi. Nikarudi kutazama vipindi vya nyuma ambavyo Aiel wanatokea, na kila walipofunika uso nilihisi tofauti.

#13 Nyuzi_Saba

Na Siuan, mkuu wa Aes Sedai, je? Na Loial, lile jitu lao pole? Maana msimu wa tatu nao ulichinja watu ambao vitabuni hawafi pale.

#14 MsomajiMkongwe

Loial sitawasamehe. Kitabuni anaifanya kazi ile ile ya kufunga Njia na anarudi akiwa hai. Ni mhusika ambaye wasomaji wanampenda bila masharti, mpole, anaandika kitabu chake, anaogopa mama yake. Kumuua ni kutafuta machozi ya haraka.

#15 Mleta uzi

Siuan aliniuma, lakini naielewa hesabu yao. Kitabuni anapinduliwa na kunyang'anywa uwezo wake, kisha anaendelea kuishi. Tamthilia ilimkata kichwa. Walikuwa wamejenga mapenzi yake na Moiraine tangu msimu wa kwanza, jambo ambalo Jordan mwenyewe alilidokeza kwenye New Spring ya 2004, na Sophie Okonedo alikuwa anatokea vipindi vichache kila msimu. Wakaamua kifo chake kiwe gharama ya uasi wa Mnara, makao ya Aes Sedai. Kanuni haikuvunjika. Kilichopotea ni Siuan wa baadaye, na wasomaji wanajua hasara yake ni kubwa kiasi gani. Nanyamaza hapo kwa ajili ya wenzetu.

Loial niko na Mkongwe kwa asilimia zote.

#16 Mpita_Kurasa

Nimefuatilia kimya kimya. Naomba nilinganishe na Game of Thrones, maana naona watu wanaziweka pamoja bila kutazama tofauti.

Ile ilianza 2011, mwaka ule ule kitabu cha tano kilipotoka, na cha sita hakikuja. Tamthilia ikaipita hadithi, ikabidi watunge mwisho kutokana na walichoambiwa kwa ufupi. Msimu wa nane wa 2019 ukawa na vipindi sita, na ombi la mtandaoni la kutaka urudiwe likapata saini zaidi ya milioni 1.5. Wale walikuwa na bajeti, watazamaji na muda. Walichokosa ni kitabu.

The Wheel of Time kitabu kilikuwepo. Mwisho umeandikwa tangu 2013, uko rafuni, na kwa maoni ya wengi ni mwisho unaoridhisha. Walichokosa ni muda. Misimu mitatu imekwenda hadi kitabu cha nne kwa makadirio, na kati ya msimu na msimu ilikuwa inapita karibu miaka miwili. Wahusika ni vijana wa kijijini, waigizaji wanazidi kukua, na vitabu kumi bado vinasubiri. Hata bila kufutwa, hesabu hii ilikuwa ngumu.

#17 Mleta uzi

Mpita Kurasa, hapa kwenye muda ndipo lawama zangu zilipo, wala hazipo kwa waandishi. Msimu mmoja wa vipindi vinane kwa hadithi ya ukubwa huu ni kumpa mpishi sufuria ya watu wawili na kumwambia karamu inaanza. Sehemu yote ya mji wa Caemlyn katika kitabu cha kwanza ilikatwa, Elayne akachelewa hadi msimu wa pili, na Rand akapoteza safari ndefu na Mat inayotufanya tumpende. Wakati huo huo kipindi kizima cha tano kikatumika kwenye maombolezo ya Stepin, mlinzi aliyempoteza Aes Sedai wake. Kipindi kile nakiheshimu, kinafundisha kifungo cha Aes Sedai na mlinzi wake vizuri kuliko mazungumzo yoyote, na Daniel Henney kama Lan, mlinzi wa Moiraine, akipiga kifua pale msibani ni kitu cha kukumbukwa. Lakini kwenye msimu wa vipindi vinane, kipindi kimoja ni sehemu kubwa mno ya pumzi yako.

Waliojifunza walijifunza. Msimu wa tatu ulisifiwa na asilimia 97 ya wahakiki kule kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes. Watu waliokuwa wameacha wakawa wanarudi na kuwaambia wenzao. Kisha taarifa zikatoka kwamba idadi ya watazamaji haikulipa gharama, basi ikaishia hapo. Haki za kuifanyia filamu hadithi hii zina historia ya kusikitisha: Februari 2015 ilirushwa filamu fupi ya utangulizi wa kitabu cha kwanza kwenye chaneli ya FXX, saa saba na nusu usiku, bila matangazo, na McDougal akasema hakuwa na habari nayo. Wengi wetu tuliona ilirushwa ili haki zisiponyoke tu. Kutoka pale hadi Rhuidean ni mwendo mrefu. Kuikata wakati huo ni uamuzi mbaya, na ningeusema hivyo hata kama nisingekipenda kipindi kimoja.

#18 MsomajiMkongwe

Kwenye hili hatubishani. Nililalamika misimu mitatu, na habari ya kufutwa ilipotoka nilinyong'onyea. Nilikuwa nalalamika kwa sababu nilitaka iwe nzuri. Kuna vijana wameishia njiani na hawajui hata Mat anakwenda wapi.

#19 Mtazamaji_tu

Mimi ndiye kijana huyo. Naomba ushauri wa kweli: nianze kitabu gani? Wengine wananiambia niingie kitabu cha tano moja kwa moja, maana vinne nimeshaviona.

#20 Mleta uzi

Usianze cha tano. Hujaviona vinne, umeona tamthilia iliyokopa kutoka kwenye hivyo vinne. Kule Siuan yu hai, Loial yu hai, Perrin anaanza bila mke, na mambo ya Moiraine yamepangwa tofauti. Ukiingia The Fires of Heaven moja kwa moja utapotea ndani ya sura ya kwanza.

Anza The Eye of the World. Mwanzo wake ni wa taratibu, kijiji, sherehe, mpanda farasi aliyevaa nyeusi. Vumilia hadi waondoke kijijini. The Great Hunt inakimbia zaidi. The Dragon Reborn ina Rand kidogo kuliko utakavyotarajia, usishangae. Ukifika The Shadow Rising soma sura za Rhuidean polepole hata kama unajua kinachokuja, kuna mababu ambao skrini haikuwapa nafasi. Kuanzia cha saba hadi cha kumi mwendo unapungua, hasa Crossroads of Twilight. Wengi huachia hapo. Usiachie, Knife of Dreams inashika kasi tena, na kuanzia pale hadi A Memory of Light hutaweka kitabu chini.

Kama kusoma ni kugumu kwa ratiba yako, Kate Reading na Michael Kramer wamesoma mfululizo wote kwa sauti, na Rosamund Pike amevisoma vya mwanzo. Sauti ya Moiraine ikikusomea kitabu cha kwanza itakusaidia kuvuka kutoka kwenye tamthilia.

#21 Kurasa_na_Chai

Na ukifika mwisho wa kitabu cha pili, pale kwenye mji wa Falme, rudi humu utuambie ni kipi ulikipenda zaidi kati ya Egwene wa kitabuni na yule wa jagi. Mimi bado nabishana na nafsi yangu.

#22 Mtazamaji_tu

Nimekipakua cha kwanza sasa hivi. Naanza usiku huu.